Mwongozo wa kuandaa kumbukizi ya mwisho wa vita vya Mdachi na Mwingereza kijijini kwenu

Ukimwuliza mzee wa kijijini habari za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, huenda akakutazama tu. Mwulize habari za vita vya Mdachi, yaani Mjerumani, na Mwingereza, atasogeza kigoda chake akuambie baba au babu yake alikamatwa wapi, alibebeshwa nini, nani alirudi naye na nani aliachwa njiani. Mwongozo huu ni wa kijiji au mtaa wa Tanzania ambao bado una wazee wa namna hiyo, na unataka kuwa na siku yake ya kukumbuka vita vile vilipokwisha. Nimeshiriki kuandaa siku kama hiyo kwetu mara kadhaa. Naandika yaliyotufaa pamoja na makosa tuliyoyafanya.

Jambo moja lieleweke kabla ya hatua yoyote: siku hii inasimama juu ya majina. Maturubai, ngoma na mgeni rasmi vinaweza kupungua na shughuli ikafana. Majina yakikosekana, mmekusanyika bure. Hesabu inayotajwa sana ni kwamba wapagazi wapatao 95,000 walikufa upande wa Waingereza peke yake, na waliouawa na njaa, kuhara, malaria na uchovu ni wengi kuliko waliopigwa risasi. Wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Horace Byatt, gavana wa kwanza wa Kiingereza wa Tanganyika, alipendekeza makaburi ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kazi iliyoachwa na dola kubwa miaka mia iliyopita, kijiji kinaweza kuifanya kwa sehemu yake.

Hatua ya kwanza: kubalianeni ni mwisho upi mnaukumbuka

Ulaya silaha zilinyamaza tarehe 11 Novemba 1918, saa tano asubuhi. Huku kwetu vita havikujua. Jeshi la Mjerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa limetoka Msumbiji, likakatiza kusini mwa Tanzania ya leo na kuingia Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia. Liliiteka Kasama tarehe 13 Novemba, siku mbili baada ya amani kutiwa saini Ufaransa. Habari za amani zilimkuta kamanda huyo karibu na mto Chambeshi, na silaha zikawekwa chini rasmi Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Walikuwepo Wazungu 155 na askari 1,168, pamoja na wapagazi, wanawake na watoto waliokuwa wakifuata msafara ule.

Kwa hiyo mna tarehe mbili za kuchagua, na mimi nasimama na 25 Novemba. Tarehe 11 ni ya dunia nzima, ina heshima yake, na balozi na majeshi huiadhimisha katika makaburi ya vita. Lakini kati ya tarehe 11 na 25 kulikuwa na watu wetu waliokuwa bado wanatembea na mizigo kichwani katika vita ambavyo wakubwa walikuwa wameshavifunga. Siku kumi na nne hizo ni za kwetu.

Hata hivyo, sikilizeni wazee kabla ya kupiga kura. Kuna mahali ambapo vita vilikwisha kwa namna nyingine kabisa. Ugogo, majeshi yalichukua mifugo, nafaka na wanaume, mvua nazo zikakosekana, ikaja njaa wanayoiita Mtunya, iliyoendelea baada ya bunduki kunyamaza. Mahali kwingine mwisho wa vita unakumbukwa pamoja na ile homa ya mafua ya mwaka 1918 iliyowamaliza watu waliokuwa wameokoka vitani. Kijiji kikisema vita vyake vilikwisha njaa ilipokwisha, kina haki ya kusema hivyo, na tarehe ifuate kumbukumbu hiyo.

Angalieni pia kalenda ya mvua na ya dini. Mwishoni mwa Novemba, mikoa mingi ya kati na kusini watu wanakimbizana na kupanda. Mkiwaita siku nzima hawatakuja, au watakuja na kinyongo. Asubuhi inatosha. Kwa Wakatoliki, Novemba ni mwezi wa kuwaombea marehemu, kwa hiyo parokia haitashangaa mkienda na ombi lenu. Epukeni tu kugongana na tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa ya taifa, maana hiyo ina shughuli zake na viongozi wake.

Hatua ya pili: kusanyeni majina, na muanze miezi sita kabla

Hapa ndipo pa kutumia muda. Chagueni watu watatu au wanne wenye subira. Nashauri mmoja awe mwanamke mtu mzima anayejua koo za kijiji, na mmoja awe kijana mwenye mwandiko mzuri. Wapeni kaunta buku moja, penseli, na simu ya kurekodia sauti. Simu isitolewe kabla ya mzee kuridhia. Mweleze sauti yake itakwenda wapi na nani ataisikia. Akikataa, andika kwa mkono. Akikataa hata hilo, kaa umsikilize, kisha urudi wiki nyingine.

Usianze kwa kuuliza mwaka, kwa sababu mwaka ni wa vitabuni. Uliza: alipochukuliwa alikuwa ameoa? Mtoto gani alikuwa mgongoni? Jumbe alikuwa nani? Ilikuwa kabla ya njaa au baada ya njaa? Walikwenda upande wa bahari au upande wa ziwa? Alirudi na nini mkononi? Swali hili la mwisho limetupatia mengi kuliko yote. Mmoja alirudi na blanketi na sufuria ya bati, familia ikaitumia hata ikatoboka. Mwingine alirudi na wimbo.

Waulizeni wanawake maswali yao wenyewe, wala msiwaite kuja kuthibitisha ya wanaume. Wanaume walipochukuliwa, nani alilima? Nani alificha mtama, na aliuficha wapi? Matanga yalikaliwaje bila maiti? Katika koo fulani kwetu tulikuta kwamba mke alikaa miaka akisubiri kuambiwa kama yeye ni mjane. Mambo hayo hayamo katika faili lolote la serikali. Na yule mwanamke naye jina lake liingie daftarini, kwa sababu vita vilimpitia yeye pia.

Kila jina liandikeni kwa mpangilio huu: jina lake, jina la baba yake, ukoo, kitongoji, kazi aliyofanya vitani, upande aliokuwa, alirudi au hakurudi, na nani ametoa habari hizo. Hilo la mwisho lisisahauliwe. Miaka kumi ijayo mtu atauliza mlijuaje, na jibu liwe limeandikwa.

Neno alilotumia mzee liandikeni kama alivyolitamka. Atakayesema babu yake alikuwa "Keya" anamaanisha askari wa jeshi la Mwingereza, lile la King's African Rifles. Atakayesema "kariakoo" anaweza kuwa hasemi soko: neno hilo linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, na ndilo lililoacha jina Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Upande wa mpaka wa Malawi na Zambia mtasikia "tengatenga". Ukibadilisha neno lake kuwa Kiswahili cha ofisini, umepoteza ushahidi wa alikokuwa.

Wekeni pia waliokufa baada ya kurudi. Tulibishana sana juu ya hili. Wengine walisema aliyefia nyumbani kwa mafua au kwa kikohozi alichotoka nacho vitani si mtu wa vita. Mimi nilisema, na bado nasema, kwamba mzigo uliomvunja mtu mwaka 1917 hauachi kumvunja kwa sababu ameutua.

Hatua ya tatu: linganisheni na maandishi, bila kuyaogopa

Anzeni karibu. Madaftari ya ubatizo na ya vifo ya misheni za zamani mara nyingi ndiyo yenye tarehe. Nendeni na barua ya kijiji, mwombe kusoma mkiwa hapohapo, wala msiombe kuondoka nayo. Nyaraka za Taifa zilizoko Dar es Salaam zina mafaili ya utawala wa Mjerumani na wa Mwingereza. Aliye na ndugu mjini amtume na orodha fupi ya majina ya majumbe na vijiji, maana faili mara nyingi linamtaja jumbe kuliko mpagazi. Tume ya Makaburi ya Vita nayo ina orodha ya majina kwenye intaneti, na mnaweza kutafuta kwa jina au kwa makaburi.

Majina yaliandikwa na makarani waliosikia nusu. Mtakuta jina moja limeandikwa kwa namna tatu. Yasomeni kwa sauti, maana sikio litatambua kile ambacho jicho limekikataa. Na kama jina la mzee wenu halimo mahali popote, hilo halimwondoi. Kutokuwemo kwake ndiko kunakowakutanisha.

Familia yenye medali ya babu ielekezwe isiisugue kwa majivu wala mchanga. Medali za Waingereza za wakati ule huwa na jina au namba ya mwenyewe imechongwa ukingoni, na ukisugua unaifuta. Ipigeni picha ukingo mzima kwenye mwanga wa pembeni, kisha irudishwe kwa wenyewe siku hiyohiyo.

Risasi kuukuu, maganda na vyuma vya mashambani visiletwe kwenye maonyesho kamwe. Chuma cha miaka mia bado kinaweza kulipuka. Kikionekana, watu wakae mbali na polisi waitwe.

Hatua ya nne: zungumzeni mapema juu ya pande mbili

Katika kijiji kimoja mna wajukuu wa askari wa Mdachi na wajukuu wa wapagazi wa Mwingereza, na pengine mtu mmoja alitumikia pande zote mbili kwa sababu alikamatwa mara mbili. Mna pia wajukuu wa askari aliyekuja kunyang'anya chakula, wanaoishi nyumba ya tatu kutoka kwa walionyang'anywa. Msiyaache haya yafumuke siku ya shughuli mbele ya kipaza sauti. Waiteni wakuu wa koo, mkae jamvini, yasemwe.

Sisi tulikubaliana mambo mawili. Majina yatasomwa kwa vitongoji, si kwa majeshi, hivyo askari wa huku na mpagazi wa kule wanasomwa pamoja kama walivyocheza pamoja utotoni. Na hakuna atakayesifiwa kwa kumpigania mfalme au kaisari. Wengine walikwenda kwa mshahara, wengine kwa kamba shingoni. Mshereheshaji aseme hivyo wazi, mara moja, kisha aendelee.

Hatua ya tano: ruhusa

Hii ni fupi, ila msiiruke. Pelekeni wazo kwenye halmashauri ya kijiji, kisha kwenye mkutano mkuu, liandikwe kwenye muhtasari. Mtendaji wa kijiji amjulishe mtendaji wa kata, na afisa utamaduni wa wilaya apate nakala. Mkiwa na maandamano au mkusanyiko wa hadhara, taarifa ya maandishi iende polisi wilayani si chini ya saa 48 kabla. Nashauri wiki mbili. Kama mnapanga kwenda kwenye makaburi yanayotunzwa na Tume, ombeni kwa watunzaji wake. Makaburi yasiyo na mwenyewe yafyekwe nyasi tu. Msichimbe, msihamishe jiwe, na msipake chokaa juu ya maandishi.

Hatua ya sita: alama

Watu watataka mnara. Ningewasihi msubiri. Mwaka wa kwanza pandeni mti mahali walipokusanyikia wapagazi kabla ya kuondoka, kama panajulikana, na muweke ubao wenye majina chini ya paa la ofisi ya kijiji. Saruji ikishakauka, jina lililokosewa limekosewa, na mwaka wa pili mtapata majina mengine karibu sawa na ya mwaka wa kwanza.

Mkifika kujenga, wekeni majina mbele ya maneno mengine yote. Sanamu ya Askari iliyopo katikati ya Dar es Salaam tangu mwaka 1927 inawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Maneno mazuri, ila hakuna hata jina moja la mpagazi. Linganisheni na bustani ya Company's Garden mjini Cape Town, ambako mwaka 2025 ulizinduliwa ukumbusho wa vibarua weusi wa Afrika Kusini zaidi ya 1,700 waliokufa katika vita hivyo: kila mmoja amepewa nguzo yake ya mti wa mvule, na jina lake juu yake. Kijiji chenye majina thelathini kinaweza kabisa kuwa na nguzo thelathini.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Anzeni saa moja na nusu asubuhi, kabla ya jua kuwa kali. Viti vya mbele ni vya wazee na watoa habari, kisha viongozi. Mwaka wetu wa kwanza tuliweka hotuba ya mgeni rasmi mbele ya majina. Alichelewa, tukasubiri, jua likapanda, na wazee watatu waliotupa majina wakarudishwa nyumbani kabla majina ya baba zao hayajasomwa. Mmoja hakuwahi kuhudhuria tena, kwa sababu kabla ya Novemba iliyofuata tulimzika. Tangu siku ile majina husomwa kwanza, awe amefika mgeni au hajafika.

Yasomwe na watoto wa shule, kila mmoja majina matano au sita, na wayafanyie mazoezi na wajukuu wa wenye majina ili wasiyakosee. Baada ya kila kitongoji ngoma ipigwe mara moja na kunyamaza. Msiharakishe. Jina la asiyejulikana ukoo wake lisomwe vilevile, na mwenyekiti wa kijiji asimame kwa niaba ya familia.

Kimya cha dakika mbili mnaweza kukiweka baada ya jina la mwisho. Wengi hudhani ni desturi ya London. Ilianza kufanywa kila siku mjini Cape Town mwaka 1918, vita vikiendelea, ndipo Uingereza ikaichukua mwaka 1919. Wekeni mtu mwenye saa, na wenye simu wazime.

Kisha dua na sala. Shehe au imamu aombe, padri au mchungaji aombe, na pale ambapo ukoo una tambiko lake, wapewe nafasi yao asubuhi na mapema mahali pao, bila kulazimishwa kulifanya jukwaani. Familia inayotaka kumsomea mtu wake hitima au kumwombea misa ifanye hivyo katika juma hilohilo.

Baada ya hapo, ngoma. Wapo watakaosema ngoma haifai siku ya msiba. Lakini beni, pamoja na vyama vyake vya Marini na Arinoti, ilisambazwa sana na askari na wapagazi wa vita vile, wakicheza gwaride walilolazimishwa kulijua. Kama kuna mzee anayekumbuka hata beti mbili, hiyo ni kumbukumbu sawa na jina, na apewe kipaza sauti. Milio ya bunduki sishauri. Kuna wazee ambao vita vingine vya baadaye bado viko masikioni mwao.

Chakula kiwe cha kutosha na kiwe rahisi. Mahindi na maharage ya mchango yanatosha, na michango isomwe hadharani pamoja na matumizi yake, kabla watu hawajatawanyika.

Hatua ya nane: jioni ile na siku zinazofuata

Tengenezeni nakala mbili za daftari la majina kwa mkono mmoja unaosomeka. Moja ikae ofisi ya kijiji, nyingine shuleni, na picha za kila ukurasa zihifadhiwe na watu wawili wasioishi nyumba moja. Sauti za wazee zipewe jina na tarehe jioni ileile. Ukingoja wiki, hutakumbuka ni nani aliyekuwa anakohoa katikati ya rekodi. Majina ya waliokufa ambayo hayamo kwenye orodha za Tume, iandikieni Tume hiyo, mkieleza nani alisema na lini.

Daftari lisifungwe siku ya shughuli. Kwetu watu huja baada ya chakula, mmoja mmoja, wakati viti vinakusanywa. Wanasema kwa sauti ya chini kwamba na wao walikuwa na mtu, ila waliona aibu kusema mbele za watu kwa sababu hawajui alikufa wapi, au kwa sababu alitoroka. Mtoro naye aandikwe. Muwekeni kijana mmoja mezani mpaka giza liingie, kurasa za mwisho ziwe tupu, na kalamu ifungwe kwa uzi ili isiondoke.